Viti 26 vinaitosha Pwani

Barua ya wazi kwa wabunge, maseneta na wawakilishi wa kike wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta

Waheshimiwa,

Naanza na ombi lenyewe. Siku mswada wa kuongeza idadi ya maeneo bunge utakapoletwa tena mbele yenu, na utaletwa, naomba muukatae.

Najua ombi hili ni geni likitoka Pwani. Sisi ni watu wa kudai, na tuna haki ya kudai: ardhi, mapato ya bandari, kazi za vijana wetu. Ndiyo maana mtu akisimama jukwaani Mtwapa au Ukunda akasema Pwani imepunjwa viti vya Bunge, hupigiwa makofi kabla hajamaliza sentensi. Lakini madai ya viti, tofauti na hayo mengine, yanaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi, na nawaomba tuyapime pamoja.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 47,564,296. Katiba, kifungu cha 89, imeweka maeneo bunge 290. Ukigawanya, kila eneo bunge linapaswa kuwa na watu 164,015 hivi. Kaunti zetu sita kwa jumla zilikuwa na watu 4,329,474. Igawanye idadi hiyo kwa kipimo hicho, utapata 26 na kitu. Maeneo bunge tuliyo nayo Pwani leo ni 26.

Kwa hiyo taifa halijatupunja. Tumepunjana wenyewe kwa wenyewe. Kisauni ninakoishi na kupigia kura ilikuwa na watu 291,930. Likoni, 250,358. Lamu Mashariki nilikozaliwa ilikuwa na 22,258. Kila mojawapo ya maeneo hayo matatu lina mbunge mmoja, na kura ya mbunge wa Lamu Mashariki ina uzito uleule wa kura ya mbunge wa Kisauni mwenye watu mara 13 zaidi. Kilifi yenye watu 1,453,787 ina wabunge 7, na Taita Taveta yenye 340,671 ina wabunge 4. Tukikifuata kipimo kama kilivyo, Mombasa itapata 7, Kilifi 9, Kwale 5, Tana River 2, Taita Taveta 2 na Lamu 1. Jumlisheni wenyewe. Ni 26, bila kuomba kiti hata kimoja kutoka kwa mtu yeyote.

Na kama tunataka kulinganisha na wengine, tulinganishe kwa haki. Nairobi peke yake ina watu 4,397,073, wengi kuliko Pwani nzima, na ina maeneo bunge 17. Anayestahili kulalamika juu ya viti ni mkazi wa Embakasi. Sisi tulio na 26 hatuwezi kumtazama usoni na kudai zaidi.

Sasa tuangalie nyongeza yenyewe ingetupa nini. Pwani ni kama asilimia 9 ya Wakenya, na viti vyetu 26 ni kama asilimia 9 ya 290. Vikipanda hadi 360, kama ilivyopendekezwa na mswada wa BBI wa kurekebisha Katiba, na tukapewa fungu letu kwa haki, tutabaki palepale kwenye asilimia 9. Kura za Bunge hazipimwi kwa vichwa vyetu peke yake. Zinapimwa kwa vichwa vyetu dhidi ya vya wengine. Huko ni kutia maji kwenye mchuzi ili kila bakuli lijae. Mtarudi nyumbani na wabunge wapya wa kupokelewa kwa ngoma, na siku ya kupiga kura juu ya mgao wa fedha au sera ya uvuvi nguvu yetu itakuwa ileile, ila wa kulipwa mishahara, marupurupu, magari na ofisi watakuwa wameongezeka.

Desturi ya kuongeza ni ya zamani. Tulipopata uhuru mwaka 1963 viti vya kuchaguliwa katika baraza la chini vilikuwa 117. Seneti ilipovunjwa mwishoni mwa 1966, maseneta wakatafutiwa maeneo na idadi ikafika 158. Mwaka 1988 vikawa 188, mwaka 1997 vikawa 210, na uchaguzi wa 2013 ukafanyika kwa viti 290. Ni rahisi kuona kwa nini njia hii inapendwa na wanasiasa wa kila zama: kuongeza hakumnyang'anyi mtu. Aliye na kiti kidogo anabaki nacho, mwenye watu wengi anatulizwa kwa kiti kipya, na hakuna mheshimiwa anayelazimika kwenda kwa watu wake kuwaambia kwamba eneo lao litaungana na la jirani.

Mwaka 2012, mipaka ilipopitiwa kwa mara ya mwisho, kulikuwa na maeneo 27 yasiyofikia kipimo, Lamu Mashariki, Wundanyi na Mwatate yakiwemo. Yaliokolewa na kipengele cha mpito katika Katiba kilichosema kwamba mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Kipengele hicho kilikuwa cha mapitio ya kwanza tu. Kinga imekwisha. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12, kwa hiyo kazi ilipaswa kukamilika kufikia Machi 2024, lakini wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja, na ilikaa hivyo hadi Julai 2025. Hesabu za sensa za Mandera, Wajir na Garissa nazo zimekuwa na kesi zake. Kazi imechelewa, lakini deni lipo, na kila mbunge wa eneo dogo analijua. Hapo ndipo hamu ya kuongeza viti inapozaliwa upya. BBI ilitaka kuongeza 70, ikaanguka Mahakama Kuu Mei 2021, ikaanguka Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huohuo, na Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Machi 2022 ilisema juu ya viti hivyo 70 kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Uliokuja kabla yake, mswada wa Punguza Mizigo wa 2019, ulitaka tushuke hadi wabunge na maseneta 147 kwa jumla, nao ukafia kwenye mabunge ya kaunti. Mimi sikuwa upande wa ule wa 2019 pia. Nchi hii ni kubwa, na mbunge anayewakilisha watu laki tatu ni jina kwenye redio. Idadi ya 290 inatosha. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuigawa.

Naomba sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha haya yote, kwa sababu nadhani mnalijua ila halisemwi kwenye mikutano. Mwananchi anapopigania eneo bunge, mara nyingi hapiganii sauti Bungeni. Anapigania basari.

Nendeni siku ya kutoa fomu za basari kwenye ofisi yoyote ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge (NG-CDF) hapa Mombasa. Foleni inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Wengi ni wanawake. Kila mmoja ana bahasha ya khaki, na ndani yake mna fomu iliyopigwa muhuri na mwalimu mkuu, barua ya chifu, nakala ya kitambulisho, karatasi ya matokeo ya mtoto, orodha ya karo, na kwa walio mayatima cheti cha kifo cha baba kilichotolewa nakala mara nyingi hata jina halisomeki vizuri. Mwenye kusahau nakala moja anakimbia kibandani kuitoa, akirudi nafasi yake imekwisha. Mwisho wa muhula anapata hundi ya shilingi elfu chache kwa mtoto anayedaiwa elfu arubaini. Wafanyakazi wa ofisi hizo hawana kosa. Wanagawa kidogo kwa wengi. Sehemu kubwa ya fedha za hazina hiyo hugawiwa maeneo bunge sawa kwa sawa, na idadi ya watu haiangaliwi. Kwa hiyo eneo lenye watu laki tatu kasoro kidogo na lenye watu elfu ishirini na mbili hupokea mafungu yasiyotofautiana sana, na mtoto wa Mishomoroni, hapa Kisauni, analipia tofauti hiyo kwa kukaa nyumbani wiki tatu baada ya shule kufunguliwa.

Mzazi yule akisikia kwamba Kisauni itagawanywa mara mbili, anachosikia ni kwamba foleni itagawanywa mara mbili. Na mzee wa Wundanyi akisikia kwamba eneo lao litaungana na Mwatate, anachosikia ni kwamba darasa lililokuwa lijengwe mwaka ujao halitajengwa. Wote wawili wana haki ya kuhofu. Lakini dawa ya hofu hiyo iko kwenye sheria ya fedha, na ninyi ndio mnaoitunga. Fedha za karo zikifuata mtoto, zikipimwa kwa idadi ya wanafunzi, umaskini na gharama ya kufika mahali, nusu ya kelele za mipaka itatulia yenyewe. Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya hazina hiyo ya 2013 mwezi Agosti 2022, na mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa kuiingiza hazina ndani ya Katiba. Wakati mlipokuwa mkiipigania namna hiyo, hakuna hata mmoja wenu niliyemsikia akiuliza kwa sauti kwa nini mtoto wa Kisauni anapata kidogo kuliko mwenzake. Naomba muulize sasa.

Nirudi kwenye mipaka, maana najua kuna wenzenu ambao barua hii imeshawakera.

Katiba haikuweka kipimo cha 164,015 kama panga. Imeruhusu eneo la jiji au lenye watu waliotawanyika lizidi au lipungue kwa asilimia 40, na kwingineko kwa asilimia 30. Tana River ina watu 315,943 waliosambaa kutoka Garsen hadi Bura; ikibaki na maeneo 3, kila moja litakuwa na watu laki moja na elfu tano hivi, na hilo linaruhusiwa. Taita Taveta, ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga ya Tsavo, inaweza kubaki na 3 kwa hoja hiyohiyo. Wundanyi na Mwatate zikiungana zina watu 137,618, eneo la ukubwa wa kawaida kabisa. Kilifi ikibaki na 7 badala ya kupata 9, bado itakuwa ndani ya sheria. Kwa maneno mengine, Pwani yote inaweza kupangwa upya kwa maumivu ya mahali pawili tu: Taita kiti kimoja, na Lamu kiti kimoja. Mnataka kuongeza makumi ya viti nchi nzima ili msiyaseme hayo mawili?

Lamu ndiyo inayoniuma, na sitajifanya vinginevyo. Kaunti nzima ina watu 143,920. Igawanyeni mara mbili kwa namna yoyote mnayotaka, chukueni Amu na Shela mzitie upande wa visiwa vya kaskazini, chukueni hata Hindi, hamtapata maeneo mawili yanayofikia kiwango cha chini cha watu 98,409. Nusu ya 143,920 ni 71,960. Kwa Katiba ilivyo, Lamu ni eneo bunge moja.

Mjue basi maana yake kwa watu wa kule. Kutoka Kiunga mpakani na Somalia hadi Mokowe ni safari ya siku. Boti ya Faza hupita mkondo wa Mkanda kwa kufuata maji; yakipwa, nahodha anazima mashine na abiria wanangoja, wagonjwa wakiwemo. Mbunge wa eneo moja la Lamu atakuwa na wapiga kura wengi Mpeketoni, Witu, Hindi na Amu, na huko ndiko atakakolala na kuamkia. Watu wa Faza, Kizingitini, Siyu, Pate, Ndau na Kiwayu, pamoja na Waawer wa Basuba ambao ni wachache kuliko wote, hawatafika hata mmoja kati ya sita katika kaunti hiyo. Hawatakuwa na uwezo wa kumpeleka Bungeni mtu wao kwa kura zao peke yao. Kiti hicho ndicho kilichochukuliwa mwaka 2022 na mwanamke, Ruweida Obo, katika nchi ambayo bado haijatimiza sharti lake yenyewe la kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili Bungeni. Kukipoteza ni hasara ya kweli, na atakayewaambia Watikuu, yaani Wabajuni wa visiwa hivyo, kwamba hawapotezi kitu atakuwa anawadanganya.

Hata hivyo nasema, nikiwa mtu wa Faza, kwamba kama bei ya kukilinda ni kulipa viti 70 na kuwaacha watu wa Kisauni na Likoni walivyo, bei hiyo hatuitaki. Ipo njia nyingine ndani ya Katiba iliyopo. Kifungu cha 100 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kukuza uwakilishi wa wanawake, watu wenye ulemavu, vijana, makabila madogo na jamii zilizotengwa. Na katika viti 349 vya Bunge la Kitaifa, ukimwacha Spika, viti 12 ni vya kuteuliwa kwa ajili ya makundi maalum. Viti hivyo vipo tayari. Vyama hugawiwa viti hivyo baada ya kila uchaguzi kwa orodha zao, na Mbajuni au Mwawer hana sheria ya kukishika chama mkono akadai fungu lake. Andikeni sheria inayosema kwamba jamii ndogo iliyopoteza eneo bunge kwa sababu ya hesabu iwe na haki ya kwanza kwenye orodha za uteuzi. Wekeni ndani yake kwamba ofisi ya mbunge wa Lamu iwepo Faza pia, na wafanyakazi na boti yake. Wadi tatu za Faza, Kiunga na Basuba zisiguswe, ili bunge la kaunti libaki na sauti zao. Haya hayahitaji kiti kipya hata kimoja, na hayahitaji kura ya maamuzi.

Suala la theluthi mbili nimeligusa, na nataka lisitumiwe kufichia jingine. Kuna watakaosema tuongeze maeneo bunge ili wanawake wapate nafasi. Maeneo 70 mapya yataleta wagombea wapya 70 kwa vyama vilevile vinavyowanyima wanawake tiketi katika 290 yaliyopo. Deni la wanawake lina vifungu vyake, cha 27 na cha 81, na lina njia zake. Lipeni kwa jina lake.

Naomba mambo matatu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Mjitokeze hadharani, kila mmoja kwa jina, mseme kama mnaunga mkono idadi ya 290 au la. Mlete marekebisho ya mgao wa fedha za maeneo bunge yaangalie idadi ya watu. Na wale wa Taita Taveta na Lamu, ambao mna kazi ngumu kuliko wenzenu, mwende kwa watu wenu mapema mkawaonyeshe hesabu hizi, Tume isije ikawa ya kwanza kuwaambia. Katiba inasema mapitio yakikamilika chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo, kwa hiyo watu wana muda wa kuuliza, kubisha na kujipanga iwapo mtaanza sasa.

Mkutano wa Lamu Mashariki ufanyike Faza, usifanyiwe Amu kwa niaba ya watu wa Faza. Angalieni maji kabla ya kuupangia saa, ili boti za Kiunga na Ndau ziweze kufika na kurudi siku hiyohiyo.

Wenu,

Mpiga kura wa Kisauni, mzaliwa wa Faza